Namba ya siri ya nyumba nzima

Ukikaa kwenye kibanda cha wakala hapa Katesh, jirani na stendi, haitafika saa nne asubuhi kabla hujasikia namba ya siri ya mtu ikitajwa kwa sauti. Mama anafika, anafungua pindo la khanga, anatoa kitochi chake na kunikabidhi. "Mwanangu, nitolee elfu thelathini, namba ni ile ile." Nikimuuliza ile ile ipi, ananishangaa kama vile nimesahau jina lake. Kisha anaitaja: mwaka aliozaliwa mwanawe wa kwanza. Foleni nzima imesikia, na humo kwenye foleni wamo majirani zake.

Mimi ni mzaliwa wa Dongobesh upande wa Mbulu, nikaolewa huku Hanang, na kazi yangu ni kuweka na kutoa pesa za watu. Matangazo ya redio juu ya usalama wa pesa za simu nayasikia kila siku, na yote yanasema neno moja: usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Ni neno la kweli. Tatizo ni kwamba linamfaa anayejua kusoma. Bibi Mbarbaig kutoka Bassotu, ambaye hata Kiswahili anakisikia kwa shida, menyu ya simu atasomewa na nani? Huyo anayemsomea ndiye anayeijua namba yake. Wapo pia kina mama wanaopokea fedha za TASAF kwa njia ya simu, na wengi wao simu yenyewe inashikwa na mjukuu. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "usimpe mtu" ukaishia hapo, hujamsaidia kitu. Atafanyaje sasa?

Jibu langu liko kwenye kitufe cha tano. Chukua kitochi chochote, pitisha kidole gumba katikati ya vitufe, utagusa kidoti kilichoinuka juu ya namba 5. Kiliwekwa hapo kwa ajili ya wasioona, lakini kinamfaa pia asiyejua kusoma. Namfundisha bibi hivi: kidole kikae kwenye kidoti. Juu yake ni mbili, chini yake ni nane, kushoto nne, kulia sita. Kwenye pembe kuna moja, tatu, saba na tisa, na sifuri iko chini kabisa peke yake. Tunafanya mazoezi kwa namba ya uongo, kwenye kioo kitupu cha kupigia simu, wala si kwenye menyu ya pesa, kwa sababu ukikosea namba ya siri mara tatu mfululizo huduma inajifunga. Baada ya siku kadhaa kidole chake kinaijua safari hiyo kama miguu yake inavyoijua njia ya kisimani alfajiri. Hapo ndipo anaweka namba mpya, bila kuitamka mdomoni.

Na asichague 1234, wala 2580 ambayo ni kushuka tu mstari wa katikati, wala mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote. Mwizi akiokota kitambulisho chako, mwaka wako wa kuzaliwa umeandikwa pale pale. Nimewahi kufungua mfuniko wa kitochi cha mteja ili nimwekee laini vizuri, nikakuta namba nne zimeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyokunjwa chini ya betri. Anayeiba simu hiyo hahitaji hata kukisia.

Kwenye kutoa pesa nina utaratibu wangu, na ningependa wateja waudai kwa kila wakala. Kama mteja hawezi menyu, mimi nabonyeza, naingiza namba ya wakala na kiasi. Simu inapofika pale inapoomba namba ya siri, namrudishia mkononi na kugeuka pembeni. Kugeuka huko si adabu tu. Kwenye kitochi, namba ya siri unayoandika huonekana wazi kwenye kioo, haifichwi kwa nyota, kwa hiyo aliyesimama begani kwako anaisoma yote. Mteja naye, kabla hajaandika, aangalie kiasi kilichoingizwa. Wengi ambao herufi zinawapiga chenga, tarakimu za pesa wanazijua vizuri sana. Hujawahi kuona bibi wa sokoni akichanganya elfu mbili na elfu tano. Akiona 300,000 badala ya 30,000, asibonyeze kitu, aseme.

Sasa niseme jambo ambalo litawaudhi baadhi ya ndugu. Pesa nyingi ninazoziona zikipotea kwenye simu za wazee wa huku haziibwi na tapeli wa mbali. Zinachukuliwa nyumbani. Mjukuu anajua namba, anatoa elfu tano leo, elfu kumi Jumamosi, ujumbe anaufuta. Mzee anakuja mwisho wa mwezi kulipia mbegu, salio halitoshi, analaumu mtandao. Nikimwonyesha taarifa ya miamala, anatazama, ananyamaza, anaondoka. Hakuna anayempeleka mjukuu polisi. Ndiyo maana nasema namba ya siri ibaki ya mtu mmoja, hata kama nyumba ina upendo. Kumtuma kijana akutolee pesa ni sawa; ila akirudi, nenda kwenye menyu, sehemu ya akaunti yako, badilisha namba siku hiyo hiyo.

Matapeli wa mbali wapo, na wanafanya kazi kwa bidii. Ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, za miaka ya karibuni zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Lakini ujumbe ukishatumwa haujui umbali. Unasomwa Gendabi na Haydom dakika hiyo hiyo. Huu hapa kila mtu aliye na laini Tanzania ameshaupata: "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina shida." Tapeli hakujui. Anautuma kwa mamia ya watu akijua kwamba kati yao yupo aliyekuwa anajiandaa kutuma kodi, ada au deni siku hiyo. Ujumbe huo unamkuta mtu na pesa mkononi. Dawa yake ni moja: mpigie yule uliyetaka kumtumia kwa namba uliyokuwa nayo siku zote, usikie sauti yake.

Yapo matoleo mengine. Kuna anayesema yuko hospitali na mgonjwa wenu, dawa inatakiwa sasa hivi. Hili linawapata sana watu wa pande zetu kwa sababu ya Haydom. Hospitali ile ya Walutheri, iliyoanza mwaka 1955, inapokea wagonjwa kutoka Mbulu na Hanang, na hata kutoka Singida na Simiyu, na ndugu waliobaki nyumbani wanategemea simu kutuma gharama. Kuna anayejifanya mwalimu wa bweni: mtoto ameanguka. Wote wanakuharakisha. Ukimwambia subiri nimpigie baba yake, anakuambia hakuna muda, au anakuuliza kama unataka mgonjwa afe.

Anayepiga simu ni hatari kuliko anayeandika, kwa sababu ana adabu. Anaanza na shikamoo. "Shikamoo mama, habari za Katesh, mvua zimenyesha?" Anajitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja, kwamba laini yako ina hitilafu na itafungwa jioni, au kuna pesa zako zimekwama. Mzee wa Kiiraqw aliyelelewa kumjibu mgeni vizuri hawezi kumkatia mtu aliyemwamkia. Anajibu maswali moja baada ya jingine, anabonyeza anavyoelekezwa, na mwishoni anaombwa athibitishe kwa kuandika namba ya siri. Alichokuwa anabonyeza muda wote huo ni muamala wa kutuma pesa. Wateja wangu nawaambia hivi: kampuni za simu zina namba 100 ya huduma kwa wateja, na hakuna mhudumu wa kweli anayehitaji namba yako ya siri kwa kazi yoyote. Ukipigiwa na namba ya kawaida inayoanza na 06 au 07, ukaambiwa ni huduma kwa wateja, itikia marahaba, kisha kata. Kama una wasiwasi, piga 100 mwenyewe.

Siku ya mnada ndipo utapeli unapokuja na miguu yake. Mzee ameleta dume mmoja, wamekubaliana laki nane na nusu. Mnunuzi ni mgeni, amevaa vizuri, anasema hapendi kutembea na noti nyingi. Anabonyeza simu yake, na baada ya muda simu ya mzee inalia. Kijana mmoja aliyesimama karibu anausoma ujumbe kwa sauti: imethibitishwa, umepokea shilingi 850,000, na salio jipya ni kadhaa. Kila kitu kipo, hata namba ndefu ya muamala. Kamba inabadilika mikono, dume anapandishwa kwenye lori. Mzee akija kwangu jioni kutoa, salio lake ni lile la juzi.

Ujumbe ule uliandikwa na mtu kwa vidole vyake. Ukiutazama juu, umetoka kwenye namba ya simu ya kawaida, wakati ujumbe wa kweli huja kwa jina la huduma yenyewe na hujipanga chini ya ujumbe wako wa zamani wa huduma hiyo hiyo. Lakini hata jina la juu si la kuliamini peke yake, kwa maana wapo wanaojua kulighushi. Ushahidi ni salio. Piga menyu ya mtandao wako mwenyewe, *150*00# kwa M-Pesa au *150*60# kwa Airtel Money, ingia kwenye akaunti yako, angalia salio kwa namba yako ya siri. Mnunuzi atakuambia mtandao unasumbua, na ni kweli, siku ya mnada watu ni wengi na mtandao unaelemewa. Basi mtandao ukisumbua, ng'ombe naye anasubiri. Mnunuzi mwenye pesa yake halali hataona tabu kukaa chini ya mti nusu saa. Hali ni hiyo hiyo kwa wakulima wa vitunguu saumu wa Bashay wanunuzi wanapokuja na magari shambani: gunia lisipande kabla salio halijasoma.

Upo na ule wa pesa iliyokosewa. Unapokea elfu hamsini za kweli, kisha mtu anapiga akilia kwamba amekosea namba, umrudishie. Ukituma mwenyewe, na yeye wakati huo huo amepiga huduma kwa wateja kuomba muamala urudishwe, utakatwa mara mbili. Mwambie apige 100, kampuni itairudisha yenyewe. Wewe usiitumie hiyo pesa, iache ikae.

Pesa inakaa wapi, ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na liliulizwa sana baada ya tarehe 3 Desemba 2023. Siku hiyo tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang, ambao una zaidi ya mita 3,400, vikapita Gendabi na vitongoji vya hapa Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Waliobaki wengi walitoka na nguo walizovaa. Simu, vitambulisho na noti za godoroni vilibaki kwenye tope. Noti za godoroni ndizo zilizokwenda moja kwa moja. Pesa za simu hazikwenda, kwa sababu hazikuwa kwenye simu. Kilichomo kwenye kitochi ni laini tu, na laini ni ufunguo. Pesa zenyewe kampuni inatakiwa kuziweka kwenye akaunti ya amana benki, mbali na pesa za kampuni yenyewe, na tangu Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 huduma hizi ziko chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Simu ikizama, ikiungua au ikiibwa, unakwenda dukani na kitambulisho au namba yake ya NIDA, unaweka kidole, laini inarudi na salio lake.

Kwa aliyeibiwa, kidole hicho kinaweza kusubiri kidogo. Simu ya kwanza iwe ya kufunga laini. Azima simu ya jirani wa mtandao ule ule, piga 100, sema laini imeibwa. Usisubiri kesho. Mwizi wa stendi anafahamu kwamba usiku mmoja unamtosha kujaribu mwaka wako wa kuzaliwa.

Kidole chenyewe nacho kina ulinzi wake. Usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA ulianza nchi nzima tarehe 1 Mei 2019, na Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Lengo lilikuwa kila laini ijulikane ni ya nani. Matapeli wakatafuta upenyo. Kijana mwenye mwamvuli na mashine anakusajilia laini, anakuambia kidole hakijasoma, weka tena. Weka tena. Futa jasho, weka tena. Mara ya kwanza kilisoma vizuri. Hizo nyingine ni laini zilizosajiliwa kwa jina lako, na zitatumika kumwibia mtu usiyemjua. Polisi wakifuatilia, jina wanalolikuta ni lako. Kwa hiyo piga *106# angalau mara moja kila baada ya miezi michache. Utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika ukaikane. Hili halihitaji simu janja wala bando.

Kuna hatari ndogo ambayo imeletwa na kubana matumizi. Serikali ilipoanzisha tozo ya miamala Julai 2021, watu wengi walijifunza kukwepa makato ya kutuma: badala ya kuweka kwenye simu yako kisha utume, unampa wakala pesa taslimu na kumwambia aweke moja kwa moja kwenye namba ya mtoto aliyeko Babati. Tozo ya kutuma iliondolewa mwaka 2023, lakini mazoea yalibaki, kwa kuwa makato ya kampuni yapo. Ubaya wake ni kwamba ukituma mwenyewe, simu inakuonyesha jina la mpokeaji kabla hujakubali. Kwa njia ya mkato jina nalipata mimi, na mimi simjui mtoto wako. Kama lazima, nitajie namba na jina lililosajiliwa, tulinganishe.

Vijana wenye simu janja wana balaa lao la mikopo ya mtandaoni. Programu inakupa elfu ishirini kwa dakika tano, lakini kwanza inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, na ukichelewa kulipa inawatumia ujumbe wa kukuaibisha mama mkwe, mchungaji na mwenyekiti wa kitongoji. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Kabla ya kupakua yoyote, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, na ikiomba kusoma majina ya simu yako, ifute. Sina mengi zaidi hapo.

Ukishaibiwa, aibu isikuchelewesheni wewe na familia yako. Kwanza piga 100 pale pale: kama pesa bado iko kwenye akaunti ya tapeli hajaitoa, kampuni inaweza kuizuia, na ndiyo maana dakika kumi za kulia kwanza zinagharimu. Pili, usifute ujumbe wala namba iliyokupigia, hata kama zinakutia hasira. Nenda nazo kituo cha polisi, wakupe RB, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawapa pa kuanzia, na kampuni ya simu itauliza kuhusu hiyo RB. Tatu, na hili lifanye hata kama hukuibiwa ila umeletewa tu huo ujumbe wa "ile hela": utume kama ulivyo kwenda 15040. Utajibiwa uandike namba iliyokutumia, uandike, basi. Hukatwi kitu. Kama kusoma ni tabu, njoo na simu kwangu au kwa wakala wa karibu yako, tutakutumia. Kwa kazi hiyo namba yako ya siri haihitajiki.